Kufuli la Kabati la Mafuta

Kufuli lilikuwa dogo, la shaba, na Ndoano ndiye aliyelinunua. Alilifunga mwenyewe kwenye kabati la jikoni, mkewe akimshikia misumari. Ndani ya kabati hamkuwa na kitu ila chupa ya mafuta ya kupikia. Ufunguo alimpa dada yake, aliyekuwa akiishi nao.

Miaka kumi na moja chupa ile ilikaa kifungoni. Mkewe alikula vya kuchemsha, bila neno. Na miaka yote hiyo vinundu vya njano kwenye visigino vyake na viwiko vyake vilizidi kukua. Miezi minne iliyopita moyo wake ulisimama akiwa anafua. Walimkuta bado ameshika shati la mumewe.

Msibani watu walisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana: alipenda mafuta, marehemu. Ndoano alisikia. Hakubisha. Yeye ndiye aliyeanza kusema hivyo.

Sasa binti yao wa pekee, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, alikuwa na vinundu vilevile. Akipanda ngazi kifua kilimbana. Tangu mazishi hakuonja tone la mafuta, na mashavu yalikuwa yamemwingia ndani. Ndoano alimburuta hospitali wakampima damu. Siku ya majibu walikwenda wote wawili.

Daktari alikuwa mwanamke kijana asiyepoteza maneno. Hilo lilimpendeza Ndoano.

"Huu ugonjwa ni wa kurithi," daktari alisema. "Kazi ya kuondoa mafuta kwenye damu ni ya ini. Ini ni seli nyingi, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukutani kwa kila chumba kuna vipokezi. Vinadaka mafuta yanayopita."

"Kwake vipo?"

"Vipo, na vinadaka vizuri. Tatizo ni kuingiza ndani. Kila kipokezi kina mkia unaoning'inia upande wa ndani. Kuna protini kazi yake ni kuutambua ule mkia na kuushika. Huku imeshika mkia, huku imeshika kifuko kinachofumwa hapo ukutani. Kifuko kikifunga, kinazama ndani na mzigo wake. Kwa huyu binti, protini hiyo haipo. Mafuta yanabaki mlangoni."

Ndoano alisogeza kiti.

"Wanaofuma hicho kifuko, wao hawauoni mkia?"

"Hawaujui kabisa, mzee. Wanafuma pale iliposhika ile protini."

"Na mizigo mingine?"

"Mingine inaingia kama kawaida. Ina protini zake."

Mzee alitazama mikono yake. "Huyo aliyekosekana," alisema, "alikuwa anafanya kazi yangu."

Daktari alidhani mzee anatania. Hakuwa anatania. Miaka thelathini na minne alifanya kazi kwenye bohari ya vifurushi, na jina la Ndoano alilipata huko. Karani alipokea vifurushi dirishani, akavifunga mkia wa kamba ya rangi kulingana na vinakokwenda. Ndoano hakujua kusoma, lakini rangi alizijua. Za kijani zilikuwa zake. Alinasa kamba kwa ndoano, akavuta kifurushi hadi kwa washonaji, nao wakashona gunia kukizunguka. Washonaji hawakutazama kamba. Walishona alipowaletea. Kulikuwa na wenye ndoano wengine, kila mtu na rangi yake.

Mwaka mmoja homa ilimlaza wiki mbili, na hakuwekwa mtu mahali pake. Vifurushi vya kijani vikarundikana dirishani mpaka barazani. Bosi akaja akiwa amefura. Hakuuliza mwenye kijani yuko wapi. Alimfukuza karani. "Wewe unapokea mno!" alimwambia. Ndoano aliporudi alikuta mambo yamekwisha. Alijua kosa lilikuwa wapi. Akafyata mkia, akashika ndoano yake.

"Mlikuwa ndugu, wewe na mkeo?" daktari aliuliza.

"Binti wa mjomba wangu."

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu ana maelekezo mawili ya kutengeneza protini hiyo, moja la baba na moja la mama. Mkeo alikuwa na mabovu yote mawili. Wewe una moja bovu na moja zima, ndiyo maana hukuugua. Binti amepata bovu kila upande."

"Kwa hiyo na mimi nimempa."

"Hukujua."

"Nimempa," Ndoano alirudia. Kisha akauliza alilokuja nalo kooni. "Na mafuta aliyokula mama yake?"

"Chakula kinaangaliwa, ndiyo. Lakini kinasaidia kidogo sana. Hata angekula majani matupu, vinundu vingeota. Dawa zipo, na zinafanya kazi. Angeletwa mapema..."

Daktari akaandika vidonge.

Nje, binti alitia pakiti kwenye mkoba. "Sitameza, baba. Nitaacha mafuta."

"Umeshaacha."

"Nitaacha zaidi."

Ndoano alitembea mbele yake njia nzima, bila kugeuka, maana angegeuka angepiga kelele barabarani.

Nyumbani dada yake alikuwa jikoni, kabati wazi, anapima mafuta kwa kijiko cha chai.

"Mmerudi? Wamesemaje? Nilikwambieni, ukoo huu midomo haitulii. Wifi yangu naye, Mungu amrehemu, asingekuwa na uroho..."

"Funga bakuli lako."

"Kaka!"

"Funga, nimesema! Miaka kumi na moja alikula vikavu. Wewe ndiye uliyempakulia. Vinundu vilipungua?"

"Labda alikuwa anakula kwa majirani."

"Vilipungua?"

Dada alitazama kijiko. "Havikupungua."

"Tuliviona vinakua, sote, kila siku, na hapa hakuna aliyeuliza. Kule zahanati walimwambia apunguze mafuta, basi. Sisi tukaongeza kufuli. Wewe na ufunguo wako shingoni kama askari jela!"

"Ufunguo ulinipa wewe, kaka. Usinibambikie."

Kweli alimpa yeye. Akavuta droo, akatoa nyundo, akalitia jino lake la kung'olea misumari nyuma ya bamba lililoshika kufuli. Misumari ilitoka na vipande vya mbao. Dada yake alirudi hatua mbili. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkoba mkononi.

"Njoo hapa," Ndoano alimwambia. "Nilikuwa na karani mmoja kazini. Alifukuzwa kwa kosa lisilo lake, na mimi nikijua. Sikufungua mdomo. Mama yako nilimfanyia kibaya zaidi. Nilimwita mlafi, mbele yako, mezani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Hakuwa mlafi. Kuna mfanyakazi hakuwepo ndani ya mwili wake. Ndani yako pia hayupo, na huwezi kumleta kwa kujinyima. Unajiua kwa uongo wangu."

"Uliuamini, baba?"

"Niliuamini. Ndiyo maana nina hasira."

Binti alifungua mkoba, akatoa pakiti, akageuza kidonge kimoja kiganjani kama mtu anayekagua punje yenye mchanga.

"Shangazi," alisema, "nipe maji."

Dada alimimina maji, mengine yakamwagika. Binti akameza. Ndoano na dada yake walimtazama koo.

Ndoano aliokota misumari yote sakafuni. Kufuli alilitia mfukoni mwa shati, lile shati ambalo mkewe alikufa akilifua. Lilikuwa zito. Dada yake alipotaka kulitupa, alimkatalia. Lilikuwa lake, alisema, abaki nalo.