Vidonge Alivyobakiziwa Mama

Leo daktari katuambia dawa zimegoma kwa mama.

Mama anauza vitenge Kariakoo. Bakteria wameshambulia mirija yake ya nyongo. Macho ya njano, homa haishuki.

"Bakteria hawa wameshazizoea dawa," daktari akaniambia. "Huwa anamaliza dozi?"

Jamani, kwetu nani anamaliza dozi? Ukipata nafuu, zinazobaki unamwekea jirani. Ndiyo upendo wenyewe.

Hapo hapo akaingia wodini Mama Rehema, wanapakana vibanda na mama sokoni. Akafungua pindo la khanga, akatoa vidonge vya rangi mbili.

"Shoga, meza hivi. Si ulinipa wewe nilipougua? Nilikubakizia."

Mama akanyoosha mkono, anatabasamu.

Daktari bado kasimama pale.

Na wewe unayesoma, vyako umemwekea nani?