Maji ya Kidumu cha Njano

Mimi nimezaliwa Lutindi, mlimani, ambako maji yanapita nyuma ya jiko la mama yangu bila kuitwa. Ukiosha vyombo unamwaga, ukinawa unamwaga, ukijisikia tu unamwaga. Nasema hivi mapema ili baadaye nisionekane najitetea. Nilipohamia Handeni kufundisha darasa la tano, nilihama na tabia hiyo na wala sikujua kuwa ni tabia.

Ilikuwa Jumanne, kipindi cha sayansi, somo la kuchuja maji. Nilijiandaa kwa majivuno, nakiri. Wapo walimu wanaochora chujio ubaoni, watoto wakanakili, somo likaisha. Mimi huwa nawacheka walimu hao. Nilitaka watoto wachafue mikono. Kila kundi lilikuja na chupa ya plastiki, tukaikata kitako, tukaigeuza mdomo chini. Mdomoni tulishindilia pamba, juu yake mkaa uliopondwa, kisha mchanga, kisha kokoto.

Maji machafu yalitoka kwenye kidumu cha njano cha msichana mmoja wa dawati la mbele, mwembamba, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Kiangazi kile kila mwanafunzi alikuja shuleni na kidumu cha maji ya usafi, na yake alikuwa ameyachota lamboni, yana rangi ya chai ya maziwa. Tukayagawa kwa makundi yote sita. Mara ya kwanza yalitoka meusi kwa vumbi la mkaa, watoto wakaangua kicheko. Tukayarudisha. Mara ya tatu yalitoka meupe kabisa, na darasa zima likasogea kuyaona. Msichana yule aliinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha akayaangalia, kisha akaniangalia mimi.

Nikachukua chaki nikaandika kwa herufi kubwa: SASA MAJI NI SAFI.

Nilijua hayajawa salama kunywa. Kuchuja kunaondoa tope, vijidudu wanabaki. Hilo nililijua vizuri na nilikuwa nimelipanga kwenye andalio langu la somo. Kuchemsha kulikuwa kipindi cha Alhamisi. Kengele ikalia. Nikasema, "Mwageni maji kwenye maua, fagieni mchanga, mwende nyumbani." Nikaenda ofisini nikiwa nimejaa sifa.

Saa tisa, madaftari yalipoisha kusahihishwa, nilipita karibu na mlingoti wa bendera. Maua yalikuwa yamesinyaa, udongo wake mkavu mpaka umepasuka. Nilisimama pale. Mvulana wa zamu alikuwa anafunga madirisha, nikamuuliza maji waliyamwaga wapi.

"Hatukumwaga, madam," akasema, akinishangaa kidogo. "Tumemrudishia mwenye kidumu. Amefurahi sana, ana mdogo wake anaharisha."

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu yalikuwa hayajamwagika. Nani Handeni, kiangazi, angemwaga maji yaliyobebwa kichwani alfajiri? Ni mtu wa Lutindi tu.

Nilichukua bodaboda mpaka kwao msichana, ng'ambo ya Chanika, nikimhimiza dereva ambaye tayari alikuwa anakimbia. Njia nzima nilikuwa naliona lile andiko langu ubaoni, nikajaribu kukumbuka kama nililifuta. Nilikuwa nimelifuta. Hilo halikunisaidia kitu.

Nilipiga hodi. Msichana alitoka mbio, akapiga goti, "Shikamoo, madam," uso wote meno. Katika nyumba ile alikuwa anaishi na bibi yake na mdogo wake wa mwaka mmoja. Mama yao huuza machungwa kwa abiria wa mabasi pale Segera na kurudi Jumamosi. Nikamwamkia bibi, akanikaribisha kwenye mkeka. Kabla sijafungua mdomo alishaingia ndani, akarudi na glasi ya maji juu ya sahani, kama mgeni anavyostahili.

"Kunywa, mwanangu. Ni haya ya kwako mwenyewe."

Niliipokea glasi kwa mikono miwili. Yalikuwa meupe, hayana hata unyuzi. Nikauliza kama mtoto ameyanywa.

"Kikombe kizima," bibi akasema kwa furaha. "Nesi alinipa ile dawa ya pakiti ya kukoroga, akaniambia nitumie maji yaliyochemshwa. Nilikuwa nimeshabandika sufuria, mjukuu wangu akaniambia, bibi usihangaike, madam ameyasafisha, ameandika."

Nitasema ukweli hapa kwa kuwa pale nilichelewa kuusema. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la mtoto. Nilifikiri kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua. Mtoto alikuwa anaumwa tayari. Likitokea la kutokea, litaitwa ugonjwa. Niliogopa kifo chake na niliogopa kazi yangu, na sikuweza kutenganisha hofu hizo mbili. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala kwenye kanga, midomo imekauka, mbavu zinapanda na kushuka.

Msichana alikuwa ananitazama anione nikinywa.

Nikaweka glasi chini. "Bibi, nisamehe. Maji haya hayafai kunywewa. Yameondolewa tope tu. Nilipaswa kuwaambia leo, nikaliacha mpaka Alhamisi."

Bibi hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliiangalia ile glasi, akaniangalia. "Kwenu ni wapi, mwalimu?"

"Lutindi."

"Aa," akasema, basi. Kisha akaichukua glasi, akamimina maji kwenye sufuria, akapuliza moto.

Ni msichana ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kabisa. "Lakini uliandika."

Tulimpeleka mtoto zahanati jioni ile ile, amebebwa mgongoni mwa bibi, mimi nyuma nikiwakinga jua kwa mwavuli wa bibi. Nilimweleza nesi kila kitu mwenyewe. Akamkagua, akafinya ngozi ya tumbo, akatazama macho. Akasema tuendelee na dawa, kwa maji ya kuchemsha safari hii, na macho yakizidi kuingia ndani tumrudishe haraka.

Jumatano dawati la mbele lilikuwa na nafasi wazi. Niliita majina darasani, nilipofika jina lake nikaliita mara mbili. Wakati wa mapumziko nilikwenda kwao. Mtoto alikuwa ametapika mara tatu, amerudishwa zahanati. Alhamisi nafasi ikawa wazi tena. Nilifundisha kuchemsha maji siku hiyo, nikiwa na sufuria na jiko la mkaa mbele ya darasa, na kila pikipiki iliyopita barabarani nilidhani inaniletea habari. Usiku sikulala. Niliomba dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga.

Jumamosi mtoto alikula uji. Mama yake alikuwa amerudi; nilipomwomba radhi, akasema mtoto alianza kuharisha tangu Ijumaa ya nyuma, pengine si maji yale. Pengine. Nesi naye alisema hawezi kujua. Wananipa neno hilo kwa wema, na nimelipokea, lakini halijawahi kunipa usingizi.

Msichana alirudi Jumatatu. Hanichukii, ananiamkia kama zamani, ananibebea madaftari. Bado tunafanya somo kwa mikono, na yeye ndiye wa kwanza kukunja mikono ya sweta. Ila ninaposhika chaki na kuandika jambo, wenzake wanainama kunakili, yeye anaiweka kalamu yake chini. Ananyoosha mkono wa kushoto na kusimama.

"Madam, limeishia hapo, au lingine ni Alhamisi?"

Anauliza kwa heshima kabisa, anataka kujua tu. Nami nageuka, nausoma ubao wangu upya, neno kwa neno, ndipo namjibu.