Saa Tisa ya Nyokabi

Usimamizi wa duka la uchapaji lililoko ghorofa ya pili, River Road, unapenda kuwafahamisha wateja wake wote, wa sasa na wa baadaye, kwamba yaliyomo katika vijitabu vinavyochapwa hapa ni maoni ya waandishi wenyewe. Kwamba ngazi za jengo si mahali pa kungojea ushauri wa kiroho. Na kwamba hakuna mfanyakazi wa duka hili, awe wa kudumu au wa muda, mwenye ujuzi, kipawa wala idhini ya kutafsiri ndoto.

Tangazo hilo nililipanga mimi. Zadock, mwenye duka, alinisomea polepole huku nikiandika, na alipofika kwenye neno "mfanyakazi" alinitazama. Nilimwuliza kama anataka nukta-mkato au koma baada ya "wenyewe". Akasema anataka watu watoke kwenye ngazi.

Watu hao walikuwa wangu. Naitwa Nashon Were, nina miaka arobaini na mitatu, na kazi yangu ni kusoma prufu, yaani kutafuta makosa ya wengine kabla hayajachapwa mara elfu moja. Nimesoma programu za mazishi, katiba za vyama vya akina mama, mitihani ya majaribio ya darasa la nane wakati darasa la nane lilikuwepo, na kitabu kizima cha ufugaji wa sungura. Mtu akisoma hivyo kwa miaka kumi na tisa hupata elimu pana isiyo na mlango. Ninajua sungura hubeba mimba siku ngapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ndiyo maana kijitabu cha nambari za ndoto kilinipata nikiwa tayari. Kilikuwa na kurasa arobaini na nane, mwandishi wake mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mpole aliyelipa nusu na kuahidi nusu. Alifundisha hivi: katika kila ndoto kuna nambari, hata kama mwotaji hakuihesabu. Mbili ni njia panda, tatu ni mwanzo wa nyumba, tano ni mkono, tisa ni mwisho. Lakini nambari peke yake haisemi kitu mpaka ujue tabia ya mwotaji, na tabia iko ndani ya jina lake. Hesabu herufi. Zikiwa witiri, huyo ni mtu wa mbele, anayetenda kwanza na kufikiri njiani. Zikiwa shufwa, ni mtu wa pembeni, anayengoja wengine wapite. Ndoto moja, watu wawili, maana mbili.

Nilikisoma mara tatu kwa ajili ya kazi na mara ya nne kwa ajili yangu. Nashon ina herufi sita. Ukurasa wa kumi na saba ulisema mtu wa sita huwa makini, mwaminifu, mpenda vitabu, na hukawia kuoa. Sikuona kosa la kusahihisha.

Baada ya hapo nilianza kusaidia watu. Wa kwanza alikuwa Jackton Okinyi, anayeuza misumari na nyaya hapo chini. Aliota ameshika mikebe mitano ya rangi, na alitaka kujua kama afungue duka la pili.

"Tano ni mkono," nilimwambia. "Mtu wa mbele, mkono huo unachukua. Mtu wa pembeni, unafumba."

"Mimi ni gani?"

"Jackton ni saba. Wewe ni wa mbele."

"Na Okinyi?"

Nilihesabu. "Sita."

"Sasa nifuate jina gani?"

"Lile la kitambulisho."

"Yote mawili yako kwa kitambulisho, Were."

Tulikubaliana awe mtu wa mbele dukani na wa pembeni nyumbani. Alisema hata mke wake hajawahi kumweleza vizuri hivyo. Habari zikaenea, ngazi zikajaa, Zadock akaandika tangazo lake.

Ninayasema haya yote ili ieleweke nilikuwa katika hali gani Nyokabi aliponiletea ndoto yake.

Nyokabi anafanya kazi mtaa wa Karen, kwenye kitalu cha miche, anakouza maua kwa watu wenye bustani kubwa kuliko shamba alikozaliwa babangu. Tulijuana alipokuja kuchapisha vibandiko vya majina ya mimea. Nilimsahihishia "mlimao" na "mkomamanga" bila kumtoza. Alisema hajawahi kukutana na mwanaume anayejali mkomamanga kiasi hicho. Hiyo ilikuwa miaka miwili na nusu iliyopita. Alikuwa na miaka thelathini na minane sasa, na mimi nilikuwa bado ninangoja wakati unaofaa. Nilitaka kumwoa, hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Nilichokuwa ninatafuta ni dalili.

Jumanne moja alinipigia simu.

"Nimeota," alisema. "Watu wametoka kanisani. Mimi na wewe tumesimama kwetu, kwa geti. Baba ameshika kikombe cha chai, anakuangalia. Nikaangalia saa ya ukuta, ni saa tisa. Basi. Hiyo inamaanisha nini?"

"Saa tisa? Una hakika?"

"Saa tisa, Nashon."

Nilimwomba muda. Nilijifungia na kijitabu jioni nzima. Nyokabi ni herufi saba: mtu wa mbele. Tisa ni mwisho. Nilitafuta mlango mwingine wa kutokea. Nilijaribu hata jina lake la ubatizo, Janice, ambalo ni sita, lakini hakuna anayemwita hivyo isipokuwa benki. Mtu wa busara angenyamaza. Mimi nilijiona mwaminifu kwa taaluma. Jumatano asubuhi nilimtumia ujumbe: "Tisa ni mwisho, na kwa mtu wa mbele, mwisho huja upesi." Nilirudi kuhakikisha koma zote mbili ziko mahali pake.

Alijibu: "Sawa."

Kulikuwa na nukta. Nyokabi haweki nukta.

Baada ya hapo hakushika simu yangu tena. Siku ya kwanza nilistaajabia usahihi wa kijitabu. Siku ya tatu nikaanza kukichukia. Kufikia siku ya kumi, Jumamosi, nilikuwa nimeacha "Katibu Mkuu" litoke "Katibu Mkuki" kwenye barua za chama kimoja cha wafugaji, nakala mia tano, na Awiti ndiye aliyeliona wakati anakata kingo.

Awiti ni wa mashine ya kukatia karatasi. Ni mama wa watoto wanne, na huongea na mtu bila kuacha kukata, jambo linalokufanya ujibu kwa ufupi.

"Unakaa kama mtu amefiwa na bado hajaambiwa," alisema.

"Nyokabi hashiki simu."

"Ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu. Aliota, nikamtafsiria."

Mashine ilisimama. Hilo si jambo la kawaida. "Wewe ulimtafsiria mchumba wako ndoto. Aliota nini?"

Nilimweleza yote, pamoja na hesabu. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye tisa.

"Saa tisa, mshale mfupi uko wapi?"

Niliangalia saa ya ukutani, ingawa ilikuwa saa nne na nusu. "Kwa tatu."

"Sasa tisa uliitoa wapi?"

"Alisema tisa."

"Yeye aliona saa, wewe ukasoma mdomo. Na unaitwa msomaji."

Nilikaa chini juu ya rundo la karatasi. Tangu utotoni tunaambiwa saa tisa na tunaona mshale kwenye tatu, na hakuna mtu anayeshtuka. Tumezoea saa isiyokubaliana na uso wake. Lakini nambari iliyokuwa ndotoni, nambari yenyewe, iliyochorwa, ilikuwa tatu. Mwanzo wa nyumba. Kwa mtu wa mbele. Nilianza kutafuta kijitabu mezani.

"Ninaona sasa," nilisema. "Tatu, kwa herufi saba, ukurasa wa..."

"Wacha nambari, ndugu yangu. Watu wanatoka kanisani siku gani?"

"Jumapili."

"Mlisimama wapi?"

"Kwa geti, kwao."

"Mzee ameshika nini?"

"Chai."

"Saa ngapi?"

"Tisa."

Awiti alirudi kwenye mashine yake. "Nashon, hiyo si ndoto. Hiyo ni apointimenti."

Kesho yake nilivaa suti yangu ya pekee, nikanunua kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, na nikashuka Dagoretti Corner nikiwa na dakika ishirini mkononi. Kwao Nyokabi ni mwendo mfupi kutoka barabarani: nyumba ya mawe ya mzee mbele, na nyuma yake vyumba kumi na viwili vya kupangisha. Mzee Ndungu alikuwa ameinama kwenye mfereji wa maji uliokuwa ukivuja nje ya geti, akiufunga kwa kipande cha mpira. Aliniona, akaona suti, akaona mfuko.

"Zimejaa," alisema. "Jaribu mwisho wa mwezi."

"Sitafuti nyumba, mzee. Naitwa Nashon."

"Nashon gani?"

"Were. Mimi ni... nimekuja kwa ajili ya Nyokabi."

Alinyooka taratibu, akajifuta mikono kwa suruali, akaangalia saa yake. "Umechelewa."

"Ni saa tisa kasoro dakika mbili, mzee."

"Mwezi gani?"

 Alimwita binti yake kwa Kikuyu, maneno machache, na moja kati yake lilikuwa "suti". Nyokabi alitoka na kitambaa cha jikoni begani, akasimama upande wa pili wa geti. Hakulifungua.

"Si ulisema ni mwisho?"

"Nilisoma vibaya," nilisema. "Saa tisa mshale uko kwa tatu, na tatu kwa mtu wa mbele ni..."

"Nashon. Sikuota."

"Hukuota?"

"Mimi siotangi. Nikilala nimelala." Alishusha sauti, ingawa baba yake alikuwa hatua mbili kutoka hapo na ameacha kabisa kushughulika na mfereji. "Nilikuambia mara mbili na maneno ya kawaida. Ya kwanza nilisema baba anataka kuona hiyo mtu yangu. Unakumbuka ulisema nini?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesema ni "mtu wangu", kwa kuwa mtu yuko katika ngeli ya kwanza. Nilikuwa nimetoa na mifano.

"Ya pili nikakuambia kwa simu, njoo Jumapili. Ukasema Jumapili unasoma mitihani. Baba na mjomba wamekaa hapo na chai mpaka ikawa maji. Nikaona huyu hasikii mtu. Anasikianga ndoto peke yake. Nikakutengenezea moja, rahisi, hata mtoto angeelewa. Ukaniletea mwisho."

Mfuko wa sukari ulikuwa umeanza kuwa mzito. Nilifikiria kumweleza jinsi nilivyolihesabu hata jina la Janice nikitafuta nafasi ya kuponea, nikaona halitanisaidia.

"Mimi ni mjinga," nilisema. "Lakini nataka kukuoa. Nimetaka tangu mkomamanga."

 Mzee Ndungu ndiye aliyeuliza, kwa Kiswahili, ili nisikie: "Huyu ni mtu wa aina gani?"

"Ni wa kusahihisha, baba."

"Basi aanze." Akarudi kwenye mfereji wake.

Nyokabi aliweka mkono kwenye komeo. "Nani alikuambia uje leo?"

"Awiti."

"Yule wa kukata karatasi?"

"Huyo. Nilimsimulia tu vile ulivyonisimulia. Hakumaliza hata dakika tano."

Alitoa komeo, akanyoosha mkono, na akaupokea mfuko wa sukari. Mzee alisema kwa sauti, bila kugeuka, kwamba mjomba atapigiwa simu, na kwamba safari hii chai ichemshwe mtu akiwa ameshaketi.

Tangazo la Zadock bado liko kwenye ngazi. Awiti ameajiriwa katika duka letu mwaka wa kumi na nne sasa, kwa mkataba wa kudumu. Kijitabu cha nambari hajawahi kukisoma. Yeye hukikata kingo.