Uzito wa Mzigo Mmoja wa Majani

Trekta letu dogo nililinunua Chekereni kwa mtu aliyekuwa akilimia mpunga, nikalipandisha Kirua Vunjo kichwa kikiwa kimevimba kwa majivuno. Wakati ule nilikuwa mtunza ghala kwenye mashine ya kukoboa mpunga huko bondeni, na kila msimu nililiona likizama kwenye tope hadi nusu ya magurudumu, kisha linatoka lenyewe bila kusukumwa. Nikajiambia kwamba kinachoshinda tope la Chekereni hakiwezi kushindwa na njia ya kwetu. Mimi ni mtu wa kuamua haraka na kukasirika haraka, na siku hiyo nilikuwa nimeshaamua.

Nia yangu ilikuwa moja. Mama alikuwa bado anashuka kila siku hadi shamba la chini kukata majani ya ng'ombe, anayafunga, anajitwika, anapanda nayo mpaka kihambani kwetu, shamba la nyumbani, juu kwenye migomba na kahawa. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba akiendelea kubeba, ipo siku goti hilo halitamnyanyua tena. Mama alimshukuru vizuri sana, na kesho yake akashuka shambani. Nilipomgombeza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ng'ombe wake wawili watakula hayo maneno yangu.

Tukapatana.

"Hilo trekta likifika mlangoni pa banda na mzigo wake, naacha kubeba," alisema. "Likiishia njiani, uniache na goti langu."

Alijua anachosema. Njia ya kwetu si mbaya mpaka ufike kipande cha mwisho, ambapo hata bodaboda humshusha abiria atembee. Kimebanwa na masale pande zote mbili, mimea iliyopandwa kuwa mpaka wa kihamba chetu na cha jirani, na juu yake hupita mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba wazee, unaovuja kidogo kidogo. Udongo wake haukauki hata kiangazi.

Nilifunga tela, nikapakia mizigo minane ya majani aliyoikata mama na jirani zake, nikapanda. Matairi ya mpunga ni membamba na meno yake ni marefu, yametengenezwa yachimbe tope mpaka yakute pagumu. Kwenye kile kipande yalichimba kweli. Yalichimba mitaro miwili, yakakuta mwamba, yakashika ghafla, na hapo usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu. Pale nilipokuwa naona njia nikaona mawingu. Magurudumu ya mbele yalikuwa hewani. Nilikanyaga klachi, trekta likaanguka chini kwa kishindo, likarudi nyuma mpaka tela likajikita kwenye masale. Nilishuka, nikalipiga tairi teke, nikaumia kidole.

Mama alikuwa amesimama juu akiona yote. Hakunicheka wala hakunipa pole. Alishuka, akasokota ngata kwa majani makavu ya mgomba, akachukua mzigo mmoja kwenye tela langu, akajitwika, akapanda nao. Akarudi kuchukua wa pili. Nilijaribu kumsaidia, na mzigo ulinishinda kuunyanyua, ikabidi niufungue nibebe nusu. Ile mingine alimaliza yeye, na jioni goti lilikuwa kubwa kama papai.

Nilishuka mjini Moshi kwa fundi wa matairi, nikiwa na picha kwenye simu na kamba niliyopimia upana wa njia. Fundi alitazama picha akacheka hadi akakaa. Aliniambia trekta langu lilikuwa limevaa viatu vya watu wengine, na kwamba kule kwenye mpunga watu wanapunguza uzito ili lisizame, wakati kwetu linatakiwa lielemee ardhi. Akanionyesha matairi mapana yenye meno yaliyokaribiana, nikayapenda, naye akayakataa: kwenye lami ni mazuri, lakini udongo wetu ungeziba katikati ya meno na yangegeuka kipara papo hapo. Tulichagua mapana yenye meno mafupi manene, yaliyoachana vya kutosha udongo utoke. Tuliyapima kwa kamba yangu, na yalibakiza kiganja kimoja tu kila upande kabla ya masale.

Nilidhani tumemaliza. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Matairi ya nyuma tutayajaza maji, alisema, si upepo mtupu, na mbele tutachomelea kikapu cha chuma tukijaze vyuma vizito vya breki za lori. Nyuma maji ili lishike, mbele chuma ili lisisimame kama farasi. Chuma kiasi gani, hilo linategemea linavuta nini.

"Mzigo mmoja una kilo ngapi, dada?"

Mimi, mtu wa ghala, ninayepima magunia ya watu kutwa nzima, sikujua.

Jumamosi nikamwomba mama apeleke mzigo wake kwenye mizani ya kahawa, pale ghala la kijiji. Aliona aibu, maana majani hayapimwi, lakini alienda. Alipofika aliutua juu ya mizani mwenyewe. Ikasoma kilo arobaini na moja. Karani alisema mizani imeharibika, haiwezekani bibi huyu kubeba hivyo. Mama akachukizwa. Akauondoa mzigo, akavua kandambili, akapanda yeye juu ya mizani ili karani aone kama imeharibika.

Ikasoma kilo arobaini na sita.

Kati ya mama yangu na mzigo wake kulikuwa na kilo tano tu. Mwanamke yule alikuwa amejibeba mwenyewe kupanda mlima, kila siku, tangu kabla sijazaliwa, na miezi ile alipokuwa na mimba yangu nilikuwa ndani ya hesabu hiyo bila kujua. Nimekulia chini ya Kibo, sikumbuki hata mara moja kusimama kuushangaa mlima. Mbele ya mizani ile nilishangaa mpaka nikashindwa kumtazama mama usoni. Yeye alikuwa anatafuta kandambili zake.

Fundi alipopata namba alipiga mluzi, akaongeza chuma. Wiki iliyofuata alikuja juu na pampu yake. Tuliyafunga matairi, tukazungusha kila moja valvu ikae juu, tukaingiza maji ya mfongo. Yaliingia, yakazidi kuingia. Mama alisimama pembeni na ndoo, akasema tairi hili linakunywa kuliko ng'ombe wake wote wawili, na alikuwa anasema kweli. Nilipoligonga halikulia tena kama ngoma. Lilitoa mlio mfupi mzito, na nikapata heshima kwa maji ambayo tangu utotoni nilikuwa nayachezea kwa miguu.

Asubuhi ya kujaribu, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Fundi alitaka tungoje pakauke. Mama akasema yeye hajawahi kungoja. Nikapakia mizigo minane ileile, nikaingiza gia ndogo, nikapanda. Kwenye mwamba trekta liliguna. Nilikaza macho kwenye magurudumu ya mbele. Yalibaki chini. Masale yalipita kushoto na kulia, karibu kabisa, hayakuguswa, na mara nikawa naangalia mlango wa banda na ng'ombe wananiangalia.

Nilizima, nikageuka nimwone mama alivyofurahi. Hakuwepo nyuma yangu. Nilikimbia kushuka, nikamkuta amekaa chini katikati ya kile kipande, kanga imejaa tope, ameshika sale kwa mkono mmoja. Alikuwa ameteleza. Miaka yote ile, kwenye njia ileile, hajawahi kuteleza. Nilimwinua, akapiga hatua mbili, mguu ukaserereka tena. Nikaelewa, machozi yakanijia: hakuwahi kupanda pale mikono mitupu. Mguu wake uliijua njia kwa uzito.

"Kaniletee majani kidogo, mwanangu," alisema. "Kilo tano zinatosha. Mimi mwenzenu sijajazwa maji."

Nilipanda, nikafungua mzigo, nikamletea fungu dogo la majani. Alisokota ngata, akaliweka kichwani, akanyoosha shingo, akapanda moja kwa moja mpaka juu bila kushika kitu. Huo ndio mzigo wa mwisho aliobeba. Nilimfuata nyuma, mikono mitupu, nikiteleza.