Mguu wa Mwatum

Tangu mkewe Mwatum afariki, fundi Matano wa Vitongoji alikuwa akikataa kazi za breki na klachi. Hakusema sababu. Mtu akija na gari lake alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akamwelekeza kwa mafundi wa mjini Chake. Plagi alisafisha, oili alibadilisha, springi alifunga. Lakini kutoa upepo kwenye mabomba ya mafuta ya breki na klachi ni kazi ya watu wawili, mmoja chini ya gari na mmoja juu ya pedeli, na wa juu alikuwa keshazikwa.

Walioana wangali vijana, na gereji yenyewe ilikuwa uwani kwao. Msaidizi hakuwapo. Matano akihitaji mtu alimwita mkewe, naye akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, akapanda kiti cha dereva. Mwatum hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, hata hatua moja. Lakini magari mangapi ya kisiwa kile yalipita chini ya unyayo wake! Matano alilala chali mchangani akisema, "Kanyaga," na sauti ya juu ikajibu, "Nshakanyaga." "Shikilia." "Nshashika." "Achia." Majirani waliyazoea maneno hayo kama walivyozoea adhana ya alasiri. Kisha sukari ikamwandama, ikamla figo, na karibu na Ramadhani akaondoka.

Asubuhi moja ya Jumamosi watu walisukuma gari dogo la zamani, aina ya jipu, hadi uwani kwa Matano. Mwenyewe alikuwa Mwalimu Modester, mwanamke wa bara aliyekuwa akisomesha pale Vitongoji. Mumewe, Abeli, alipigwa na kiharusi, upande mmoja ukalala, na kila wiki ilibidi apelekwe hospitali Chake kwa mazoezi ya viungo. Kabla ya hapo Abeli ndiye aliyekuwa akiendesha. Sasa, tangu Abeli augue, Modester ndiye aliyejifunza usukani, na bado alikuwa akiendesha kwa hofu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa yukoje?"

"Tunamshukuru Mungu. Gari ndilo limenishinda. Gia haziingii. Nikilazimisha zinakwaruza, na pedeli ya klachi imelala sakafuni, nainyanyua kwa mkono."

Matano alikuwa ameshaandaa maneno yake ya kumpeleka kwa wengine. Lakini Modester aliongeza, kwa sauti ya chini, "Nilikuja msibani kwa Bi Mwatum nikakukuta umeinama, sikukusumbua. Alikuwa akimletea Abeli uji wa mtama. Alikuwa akimlisha mwenyewe."

Matano hakujua habari ya uji ule. Yale maneno aliyoyaandaa akayaacha, akaenda kufungua boneti.

Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa kikavu. Alipoingia chini aliona ubavu wa giaboksi umelowa, na mafuta yakidondoka kutoka kwenye silinda ya chini, ile inayosukuma mkono wa klachi. Aliifungua, akatoa raba zake. Zilikuwa zimelika, zinameguka kwa kucha. Duka la Mohsin mjini Chake lilikuwa na raba za saizi ile, na kabla ya adhuhuri silinda ilikuwa imerudi mahali pake, safi na kavu.

Ikabaki kutoa upepo.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa muda mrefu. Modester alikuwa kibarazani, na Ngwali, jirani, alikuwa akichonga mpini wa jembe upande wa pili wa uwa. Mwishowe Matano akasema, bila ya kumtazama, "Mwalimu, utanikanyagia."

Akampandisha kitini, akamweleza. Kisha akaingia chini ya gari, akatia mrija mwembamba wa mpira kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa ya mafuta.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Sauti haikuwa ile. Ilikuwa ya bara, nzito, ya mtu aliyezoea kuita majina darasani. Matano alishika spana asiweze kuizungusha. Mafuta ya zamani yalimnukia puani. Juu yake Modester alingoja.

"Shikilia," akasema baadaye.

Akafungua skrubu, mapovu yakatoka kwa wingi. Akafunga. "Achia." Wakaendelea hivyo, wakijaza kikopo kila kilipopungua, mpaka yakatoka mafuta matupu. Matano akakaza skrubu, akaanza kukusanya spana zake. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

"Mzee," Modester akaita. "Inazama."

"Nini?"

"Pedeli. Nimeishikilia tu, sijaongeza nguvu, nayo inateremka yenyewe pole pole chini ya mguu wangu. Nikipiga haraka haraka inasimama. Nikitulia inazama."

Matano aliacha kukusanya spana. Maneno hayo aliwahi kuyasikia mara nyingi, kwa sauti ya Mwatum. "Hii inazama." "Hii inadunda, una upepo bado." "Hii ngumu, pana kitu kimekwama." Miaka yote hiyo alidhani yeye ndiye aliyekuwa akigundua. Alikuwa akiambiwa.

"Kanyaga tena, ushike," akasema.

Akautazama mkono wa klachi. Ulisukumwa mbele, kisha ukaanza kurudi taratibu, na Modester hajaachia. Chini hapakuwa na tone. Akatoka, akainama chini ya dashibodi, nako kukavu. Basi mafuta hayakuwa yakitoka nje. Yalikuwa yakipita ndani kwa ndani, nyuma ya raba za silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedeli. Alipoifungua aliona ukuta wake umechorwa mistari, raba mpya isingeshika.

"Mwalimu, hii ya kubadilisha nzima. Na ungeondoka hivi, ingekuangusha njiani na mgonjwa kando yako."

Modester aliinamisha kichwa. "Basi tungoje."

Silinda mpya ilitoka Unguja kwa meli. Wiki hiyo Abeli alipelekwa Chake kwa gari la jirani. Siku ya kuifunga walikaa vilevile, mmoja juu na mmoja chini, na Modester akakanyaga, akashika kwa muda, akasema, "Imesimama, mzee. Haiendi popote." Akaliwasha gari, gia zikaingia bila ya kelele. Akatoka uwani pole pole.

Matano alibaki ameshika chupa ya mafuta machafu. Ngwali akamkuta analia, akakaa karibu naye.

Siku hizi kazi za breki na klachi anazipokea, na anayepanda kitini ni Ngwali. Ni mtu mzito, hukanyaga kama anaua nge, na hujibu pale tu anapoulizwa. Mwatum hakuhitaji kuulizwa. Kwa hiyo Matano, akiwa chali chini ya gari, baada ya kila "Shikilia" husubiri kidogo, kisha humuuliza, "Unasikia nini mguuni?"