Kahawa ya Kuonja

Mwanamize wa Mbwera hakumdanganya muuguzi. Alipoulizwa kliniki kama anakunywa kahawa, alijibu hapana, na moyoni alijua anasema kweli. Alikwishaambiwa kwamba kahawa nyingi huweza kumpunguzia uzito mtoto aliye tumboni, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya pili aliitaka kuliko uhai wake. Kikombe alikiweka chini siku ile ile.

Ila kazi yake ilikuwa kupika kahawa. Alikaanga buni, akatwanga, akachemsha, na mumewe Sharifu akaizungusha kwa dele, birika lake la kahawa, barazani na kwenye boti. Kila dele lilionjwa kwanza, na funda likiingia kinywani humezwa. Ndivyo alivyolelewa: riziki haitemwi. Asubuhi aonje, adhuhuri aonje, jioni ndiyo usiseme. Kichefuchefu kikimzidi, alitafuna buni za kukaanga badala ya udongo aliokatazwa. Kwake hayo hayakuwa kunywa. Kunywa ni kukaa na kikombe. Maskini ya Mungu, alijinyima huku anajijaza.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kutisha. Boti ya kuwavusha kwenda hospitali ya Kibiti ilisubiri maji yajae. Mtoto hakusubiri.

Baada ya maziko Mwanamize alimweleza muuguzi habari ya kuonja na kutafuna. Muuguzi akasema hakuna awezaye kuapa kwamba ni kahawa, watoto huondoka kwa mengi. Alisema kwa huruma, lakini huruma ile ilimuuma. Mwanamize alitaka kuambiwa ndiyo au hapana.

Ndipo jirani yake Tasnim, mjamzito, alipokuja na kikombe chake kama kawaida.

“Sikupi, mdogo wangu,” Mwanamize akamwambia. “Mie niliimeza kwa kuonja tu, na wangu nimemzika.”

Tasnim aliondoka amenuna. Kisimani akasema Mwanamize ana husuda, wake kafa na wa wenzake hataki wazaliwe. Wanawake wakaanza kumpitia mbali, wajawazito zaidi.

Tasnim alipata kahawa kwingine, akanywa mpaka siku zake zikatimia. Mtoto akazaliwa mzima, mnene. Mwanamize alipokisikia kilio chake ng'ambo ya ua, alishukuru kwanza, wallahi alishukuru. Kisha akaingia ndani akalia kuliko siku ya maziko, kwa sababu kuna kipande cha moyo wake kilichokuwa kimeomba asizaliwe mzima.