Kisahani Kilichooshwa

Maabara ya chuo chetu cha Chang'ombe ilikuwa na friji moja. Umeme ukakatika Ijumaa, ukarudi Jumapili. Visahani vyetu vyenye dawa ya kuua bakteria vilikaa humo vinapikwa na joto la Dar, na hilo kila mtu alilijua. Kila mtu!

Jumatatu tukafanya jaribio. Unachukua bakteria wanaokufa kwa dawa ile. Nusu unawapa jeni ya kuwakinga, nusu huwapi kitu. Wote unawapaka kwenye visahani vyenye dawa. Waliopokea jeni waote, wasiopewa wafe. Kisahani cha hao wasiopewa ndicho shahidi wako. Kikiota, dawa yako imeharibika, huna la kusema.

Kesho yake kisahani cha jeni kimeota. Cha shahidi nacho kimeota, tena kimefurika.

"Safi, jeni imeingia," akasema mwalimu. Nikamwonyesha cha pili. Hata kuinama hakuinama. "Hicho mmekichafua tu. Andikeni imefaulu."

Niliyekuwa naye meza moja, mtoto wa Temeke, shoga yangu tangu mwaka wa kwanza, akakinyakua kile kisahani, akaenda kukisugua kwenye sinki. "Shoga, funika kombe mwanaharamu apite. Unataka sapu?"

Sapu ni kurudia mtihani wakati wenzio wako likizo. Nikamvuta mkono. "Umemuosha shahidi! Huna hata haya!" Akacheka, jamani. Akacheka na mikono ina povu.

Mie nikaandika kwamba hapa hakuna hitimisho. Mwalimu akapiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Wote wakapita, mie nikapigwa sapu.

Likizo nikawa natoka nyumbani Gongo la Mboto peke yangu kwenda kurudia jaribio, roho imenijaa. Safari hii dawa mpya, na umeme haukukatika. Kisahani cha shahidi kikatoka kitupu, sawasawa. Cha jeni nacho kitupu. Hata kidoa.

Moyo ukaniruka. Nimewapata! Basi hata yao haikuingia, waongo wakubwa, wao na mwalimu wao. Nikashika kalamu niandike hivyohivyo, nikashindwa. Kisahani cha leo kinasema ya leo. Dawa yao ilikuwa mbovu, na shahidi wao kaoshwa. Huenda jeni iliingia, huenda haikuingia. Loo, niliumia! Niliugombania ushahidi mpaka nikafelishwa, na siku nilipotaka kuwachapa nao, ukanikatalia.

Nikaandika: leo jeni haikuingia. Sikuongeza kitu.

Mwalimu akasoma, alama zangu ziko mkononi mwake. "Wenzako walipata, wewe umekosa."

"Wenzangu walipata alama, mwalimu. Kama jeni iliingia, hilo kaliulize sinki."

Akanipa alama ya kupita kwa kujikwaa, akasema sina adabu. Na kweli, siku ile sikuwa nayo.